Kalibu ya sabuni: mbao ndiyo, sufuria hapana

Mjasiriamali wa sabuni ya miche Ushetu, wilayani Kahama, hana haja ya kalibu ya dukani. Fundi seremala anaweza kumuundia sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 40, upana 8 na kina 6 kwa ndani. Linabeba karibu lita 2 za uji wa sabuni, na mche wake hutoa vipande 10 vya sentimita 4.

Tandika nailoni ngumu, kingo zining'inie nje. Bila hiyo sabuni hung'ang'ania mbao na kuvunjika pembe inapotolewa.

Sufuria ya alumini isitumike kabisa, hata kwa kukorogea! Kostiki soda huila na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Mabati yenye zinki nayo ni hivyohivyo. Dumu la mafuta ya kula la lita 5, likikatwa ubavuni, linafaa. Ila uji ukiwa wa moto sana, plastiki nyembamba hujikunja.

Acha saa 24 hadi 48, kisha kata kwa waya mwembamba. Sabuni isiyochemshwa ikae kivulini wiki 4, vipande vikiwa vimeachana, ndipo iuzwe. Vaa glavu unapokata: sabuni ya jana bado inaunguza ngozi.