Maswali na Majibu: Mzio wa Chakula kwa Msafiri Anayekula Mkahawani

Alama za kila swali zimo kwenye mabano. Majibu yameandikwa kwa urefu unaotosha kupata alama hizo.

1. Nini maana ya mzio wa chakula? (alama 2)
Mzio wa chakula ni mwitikio wa mfumo wa kinga dhidi ya protini iliyomo katika chakula. Alama moja ni ya "mfumo wa kinga", nyingine ni ya "protini". Jibu la "mwili kukataa chakula" halina alama.

2. Tofautisha mzio wa maziwa na kutohimili laktosi. (alama 4)
Mzio wa maziwa ni mwitikio wa mfumo wa kinga dhidi ya protini za maziwa, na unaweza kuua hata kwa kiasi kidogo. Kutohimili laktosi ni tatizo la umeng'enyaji: mwili una upungufu wa kimeng'enya kiitwacho laktesi, hivyo sukari ya maziwa huleta gesi na kuhara. Kutohimili laktosi husumbua lakini hakusababishi anafilaksia. Kwa hiyo maziwa yasiyo na laktosi si salama kwa mwenye mzio wa maziwa, kwa kuwa protini ingalimo.
Neno "tofautisha" linadai pande zote mbili. Upande mmoja ni alama 2 tu.

3. Anafilaksia ni nini? Taja dalili zake tatu. (alama 4)
Anafilaksia ni mwitikio mkali wa mzio unaojitokeza kwa kasi na unaoweza kuua. Dalili zake ni kuvimba kwa ulimi au koo, kupumua kwa shida, na kuzimia kutokana na kushuka kwa shinikizo la damu. Upele pia ni dalili, lakini anafilaksia inaweza kutokea bila upele wowote.

4. Karanga ni njugu za miti? (alama 1)
Hapana. Karanga ni jamii ya kunde. Korosho na lozi ni njugu za miti.

5. Eleza wajibu wa mkahawa wa Uingereza kwa mteja mwenye mzio. (alama 5)
Mkahawa unawajibika kutoa taarifa kuhusu visababishi 14 vya mzio vilivyotajwa na sheria iwapo vimetumika kama viambato. Miongoni mwavyo ni karanga, njugu za miti, maziwa, mayai, samaki, ufuta, soya na haradali. Orodha hiyo ya 14 ni ya Umoja wa Ulaya, na kanuni yake ilianza kutumika Desemba 2014. Taarifa inaweza kutolewa kwa mdomo, mradi mteja aelezwe mahali pa kuipata.
Chakula kilichofungashwa palepale kinapouzwa kina sheria yake, iliyoanza Oktoba 2021 na kuitwa Sheria ya Natasha. Natasha Ednan-Laperouse alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 15, baada ya kula mkate wenye ufuta uliokandwa ndani ya unga bila kuandikwa kwenye kifungashio. Sasa kifungashio hicho lazima kionyeshe viambato vyote, na visababishi vya mzio vikolezwe.
Kosa la kawaida: kuandika kwamba sheria inahakikisha chakula ni salama. Sheria inadai taarifa, na taarifa inaweza kuwa ya uongo. Mwaka 2016 mmiliki wa mikahawa nchini humo alifungwa miaka 6 kwa kuua bila kukusudia. Alibadili unga wa lozi kwa mchanganyiko wa bei nafuu wenye karanga, na mteja aliyekuwa ameagiza chakula kisicho na njugu akafariki.

6. Linganisha na Marekani na Japani. (alama 2)
Sheria ya shirikisho ya Marekani inataja visababishi 9, ufuta ukiwa wa mwisho kuongezwa, kuanzia 2023. Lakini ni sheria ya lebo za vyakula vya pakiti, si ya sahani ya mkahawani. Japani nayo hulazimisha lebo kwenye pakiti, lakini hailazimishi mkahawa.

7. Uchafuzi mtambuka ni nini? (alama 2)
Uchafuzi mtambuka ni kuhama kwa kisababishi cha mzio kutoka chakula kimoja kwenda kingine kupitia kisu, ubao, mikono, mafuta au maji ya kupikia. Mfano: tambi za ngano zikichemshwa katika maji ya tambi za soba, ambazo hutengenezwa kwa unga wa bakwiti. Moto wa jikoni si dawa ya uchafuzi huu.

8. Msafiri kutoka Dar es Salaam mwenye mzio wa karanga anakula Bangkok. Eleza hatua anazopaswa kuchukua. (alama 8)
Kwanza, abebe kadi ya mzio iliyoandikwa Kithai, na kadi hiyo imfikie mpishi. Tabasamu la mhudumu si jibu.
Pili, aulize kuhusu kiambato, si jina la chakula. Phat thai huwekewa karanga zilizopondwa, satay huja na mchuzi wa karanga, na mchuzi wa massaman huwa na karanga pia.
Tatu, aulize kuhusu vyombo: karai moja hupika oda nyingi mfululizo. Kuondoa karanga juu ya chakula kilichoiva si kukiandaa upya.
Nne, aepuke meza ya kujipakulia, kwa kuwa vijiko huhama kutoka sahani hadi sahani.
Tano, sindano mbili za adrenalini ziwe mezani pamoja naye. Zilizoachwa hotelini hazihesabiwi. Ndani ya ndege hukaa kwenye begi la mkononi, pamoja na barua ya daktari.
Sita, ajue namba ya dharura ya kitabibu kabla ya kuketi: Thailand ni 1669.
Mhudumu akijibu "sidhani kama ina karanga", msafiri asile. Hatua hii pekee ina alama 2. Nyingine zina alama moja moja.

9. Panga hatua za huduma ya kwanza kwa anafilaksia. (alama 5)
(a) Dunga adrenalini upande wa nje wa paja, hata juu ya nguo.
(b) Piga simu ya dharura na utaje neno "anafilaksia".
(c) Mlaze mgonjwa, miguu iinuliwe. Anayepumua kwa shida akae. Asisimamishwe wala kutembezwa.
(d) Baada ya dakika 5 bila nafuu, dunga sindano ya pili.
(e) Apelekwe hospitali hata akijisikia vizuri, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.
Anayeanza na vidonge vya mzio anapoteza alama ya (a). Vidonge hupunguza mwasho, havifungui koo.