Khanga Sita na Kadi Moja: Mkoba wa Mama Aendaye Kujifungua

Ifikapo wiki ya 36 ya ujauzito, mkoba wa kwendea hospitali wapasa uwe umekwisha fungwa, umewekwa mahali ambapo hata jirani, akitumwa usiku, aweza kuutwaa bila kuuliza. Kwa mama akaaye Ubena jambo hili si dogo. Uchungu ukianza, pengine ataanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu; likitokea tatizo atapelekwa hospitali ya wilaya, Msoga, au mbele zaidi, Tumbi, Kibaha. Kilichosahauliwa nyumbani hakina wa kukirudia.

Mikoba mingi ifikayo wodini hujaa vitu vya mtoto: kofia tatu, soksi, blanketi la maua, mafuta, poda. Mzazi mwenyewe ana khanga moja, ile aliyojifunga. Hatulaumu mapenzi hayo, lakini saa 24 za kwanza baada ya kujifungua ni za hatari kubwa kwa mama, na miongoni mwa hatari zake iliyo mbaya zaidi ni kutokwa damu. Kwa sababu hiyo twaanza na khanga.

Mwaka 2005 watafiti Ndola Prata, Godfrey Mbaruku na Martha Campbell walichapisha taarifa ya kazi iliyofanyika Kigoma, ambako wakunga wa jadi walitumia khanga kupimia damu ya mzazi. Kwa kuwa khanga hukatwa kwa ukubwa unaokaribiana, mbili zikilowa damu kabisa ilihesabiwa kwamba mama amekwisha poteza mililita 500 au zaidi, kiwango ambacho wataalamu hukihesabu kuwa damu iliyozidi. Kipimo kile kilikusudiwa wazazi wa nyumbani, mbali na daktari. Aliye hospitalini asingoje khanga ya pili. Pedi au kitambaa kikilowa chote kwa muda wa saa moja au chini yake, mabonge makubwa yakitoka, au mzazi akihisi kizunguzungu na jasho la baridi, na aitwe mkunga papo hapo, hata kama ni saa nane ya usiku na mkunga ameonekana kuchoka.

Basi khanga sita, na ziwe kuukuu. Khanga mpya ina wanga, haifyonzi. Doti ya sherehe ibaki sandukuni hadi arubaini. Ziwe za rangi nyepesi, kwa maana nyeusi na nyekundu iliyokoza huficha damu, na damu iliyofichika haihesabiki. Zifuliwe kwa sabuni, zianikwe juani hadi zikauke kabisa, kisha zifungwe katika mfuko safi. Mbili ni za mtoto: ya kwanza ya kumkaushia mara azaliwapo, ya pili, kavu, ya kumfunika akiwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Hata katika joto la pwani mtoto mwenye majimaji hupoa upesi, na ndiyo sababu ya kumvika kofia na kutomwogesha mpaka saa 24 zipite. Nne zilizobaki ni za mama.

Pamoja na khanga: pedi za kutosha, chupi pana, sabuni, mswaki, beseni, ndoo ndogo, kandambili, chupa ya chai na kikombe. Dera lililo pana lafaa kuliko sketi, kwani mama aliyefanyiwa upasuaji hataki mpira wa kiuno juu ya kidonda. Chupa ya kunyonyeshea, asali na maji ya glukosi visipakiwe. Ziwa la kwanza, lile la njano, linamtosha mtoto, naye anyonyeshwe ndani ya saa moja. Wala lisipakiwe vumbi au mafuta ya kupaka kitovuni.

Juu ya vyote, ndani ya nailoni isiyopitisha maji, iwekwe kadi ya kliniki. Kadi hiyo humweleza mkunga asiyekujua kundi lako la damu, wingi wa damu, presha, kipimo cha VVU na kama uliwahi kupasuliwa. Iandamane na kadi ya bima kama ipo, simu iliyochajiwa, nauli, na majina ya ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Mama anayetumia dawa za kila siku asiziache nyumbani.

Neno moja kwa wahudumu wenzetu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka huduma za uzazi zitolewe bila malipo katika vituo vya umma. Hata hivyo, glovu, wembe mpya, klipu ya kitovu na mpira wa kitandani huenda vikaombwa pale vinapopungua. Mama aelezwe mapema, kliniki, ni vitu gani havipo, tena kwa upole. Mwanamke aonaye aibu kwa kukosa beseni huenda akakaa nyumbani na uchungu wake hadi mtoto achungulie. Aambiwe waziwazi kwamba akija mikono mitupu atapokewa.

Kabla ya kuondoka wodini, mzazi aombe tangazo la kizazi, litakalomwezesha kupata cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, na aandikiwe kwenye kadi tarehe za kurudi: siku ya pili au ya tatu, wiki ya pili, na wiki ya sita.