Chumba Kimoja, Familia Nzima: Kumlaza Mtoto Safarini

Mtoto aliyelala basini kutoka Chalinze hadi Korogwe usitegemee alale saa mbili usiku mkifika Moshi. Si utundu. Usingizi wake ameshautumia njiani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, na usingizi wa mchana umo katika hesabu hiyo. Basi akishapata wa kutosha, mwamshe taratibu, mpe maji, mwonyeshe mashamba ya mkonge. Mkifika, aachwe akimbiekimbie kwanza.

Chandarua kabla ya begi

Kwenye gesti, chandarua mara nyingi kimefungwa fundo juu ya kitanda. Kifungue mapema, kungali na mwanga, ukikague. Tundu lizibe kwa sindano na uzi, kisha chomeka pindo chini ya godoro pande zote. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na mkono wa mtoto ukigusa chandarua kisicho na dawa, mbu atamuuma akiwa hukohuko nje.

Mkienda kwa ndugu, bebeni cha kwenu pamoja na kamba. Wageni wakijaa, vyandarua havitoshi, na mwenyeji hatanuna.

Kitanda kikiwa kimoja

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe chali, kwenye godoro lisilobonyea, pasipo mto wala blanketi zito karibu na uso. Salama zaidi ni kumtandikia pake, karibu na mama, ndani ya chandarua. Ikibidi alale nanyi, asiwe katikati ya watu wazima wala kwenye upenyo wa kitanda na ukuta. Aliyekunywa pombe, au anayevuta sigara, atafute pengine pa kulala.

Lushoto na Makete kuna baridi kweli. Mvalishe mtoto soksi na sweta, lakini jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kama linakaribia kuzimika. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Asiwaone

Kila usiku usingizi wa mtoto huwa mwepesi mara kadhaa. Nyumbani hujigeuza akaendelea kulala. Hapa anafumbua jicho, anamwona baba anachezea simu, basi kumekucha. Tundika khanga iwe pazia kati yenu, ifungwe vizuri mahali asipoifikia. Simu zimeni, maongezi yahamie kibarazani. Feni inayovuma mfululizo haina neno, hata inasaidia kufunika kelele za korido.

Akigugumia, usimnyanyue papo hapo. Subiri kidogo, kisha mpapase mgongo bila kuwasha taa. Anayenyonya anyonye, safari si wakati wa kumwachisha ziwa.

Kinachomtuliza zaidi ni kufuata mpangilio uleule wa nyumbani. Kama huwa anaoga, anakunywa uji, kisha anasimuliwa hadithi, iwe hivyohivyo, hata kama anaogea kwenye beseni uani kwa bibi. Wajomba watataka kumbeba usiku ule ule; bibi naye. Mwambie kwa heshima: "Shikamoo mama. Mjukuu wako anasinzia, naomba nimlaze, asubuhi atakuja mwenyewe kukuamkia." Bibi akisema atamlaza yeye, mpe. Pengine ana mkono mzuri kuliko wako.

Dawa ya mafua au ya kikohozi isitumiwe kumlaza mtoto, hata kama jirani wa kiti anaapa kwamba wanawe walilala fofofo. Dawa za namna hiyo zinaweza kumdhoofisha mtoto pumzi.

Mkirudi

Siku chache za mwanzo huenda akaamka akitaka kulala nanyi. Mrudisheni kwenye mazoea yake pole pole. Akiamka na homa, hilo ni jambo jingine. Dalili za malaria kwa kawaida hutokea siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo homa ya wiki mbili baadaye bado yaweza kuwa imetoka safarini. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe, na umweleze mhudumu mlikolala.