Nani alitiwa hatiani kwa kumteka Dk. Ulimboka?

Swali: Mwanasheria, hapa kijiweni Kariakoo tunabishana. Si kuna Mkenya alifungwa kwa kumteka Dk. Ulimboka?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Dk. Steven Ulimboka, kiongozi wa mgomo wa madaktari, alitekwa Juni 2012, akaokotwa msitu wa Mabwepande akiwa hoi kwa kipigo. Mkenya huyo alishtakiwa katika Mahakama ya Kisutu, lakini Agosti 2013 kesi ikafutwa. Akasomewa shtaka jipya: kuwadanganya polisi kwamba alihusika. Akakiri, akatozwa faini ya shilingi 1,000.

Kwa hiyo hatia ni ya uongo, si ya utekaji. Sasa waliomteka ni nani, na nani aliwatuma? Jambo hili linaniuma. Kesi iliondolewa chini ya kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na kuiondoa hivyo hakuzuii mashtaka mapya. Polisi walifungue tena jalada hilo.