Kigeuza Fezi cha Kujitengenezea: Kinga Inayohitajika Kabla ya Kuwasha

Mwenye karakana ndogo hununua mota kuukuu ya fezi tatu mjini Kitale au Bungoma, akaifikisha nyumbani, kisha akakuta kwamba stima yake ni ya fezi moja. Nyumba nyingi za mashambani, zikiwemo zilizounganishwa chini ya mpango wa Last Mile ulioanza 2015, huletewa waya mbili tu zenye volti 240. Mota hiyo ya kusagia mahindi au kukatia nyasi za ng'ombe inataka waya tatu.

Mafundi wa jua kali hutatua jambo hili kwa mota ya pili. Mota hiyo msaidizi, nayo ya fezi tatu, haifungwi mkanda wala mzigo wowote. Hulishwa waya mbili za stima na kuanzishwa kwa kapasita. Ikishazunguka huzalisha umeme kwenye ncha yake ya tatu, na waya zote tatu hupelekwa kwenye mashine. Hicho ndicho kigeuza fezi, na kikifungwa sawasawa kinafanya kazi vizuri. Shida huanza kinapofungwa kwa swichi ya kawaida peke yake.

Hatari kubwa huja stima inapopotea na kurudi. Ikipotea, mota zote husimama. Ikirudi, swichi ingali imewashwa, lakini kapasita ya kuanzia haimo tena kwenye mzunguko, kwa hiyo mota msaidizi haianzi. Hukaa ikivuma mahali pamoja huku ikivuta mara tano hadi saba ya amperi zake za kawaida. Muda mfupi tu, vanishi ya koili huanza kuungua. Kati ya Oktoba na Desemba, wakati wa mavuno, karakana za namna hii huwa zimejaa magunia, magunzi na pumba, na cheche moja inatosha. Ikiwa fundi ameweka kapasita inayojiunga yenyewe, mashine nayo huweza kuamka ghafla wakati mtu ametia mkono ndani kuondoa kilichokwama.

Dawa yake ni kontakta yenye vifungo viwili, cha kuwasha na cha kuzima. Stima ikikatika kontakta huachia, na haishiki tena mpaka mtu abonyeze. Panahitajika mbili: moja ya mota msaidizi, nyingine ya mashine. Ya pili iunganishwe kupitia mguso wa ziada wa ile ya kwanza, ili mashine isiweze kuwashwa kabla ya kigeuza fezi. Koili za kontakta zichukue umeme kwenye waya mbili za Kenya Power. Waya wa tatu haufai kwa kazi hiyo, maana volti zake hupanda na kushuka kadiri mzigo unavyobadilika.

Baada ya kila kontakta hufuata rilei ya kuzuia mzigo kupita kiasi. Kidude chake cha kuzungusha huwekwa kwenye amperi zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, upande wa volti 240. Rilei ikikata mara kwa mara, wengine hukizungusha hadi mwisho. Hilo ni kosa, na ndilo linalochoma mota nyingi. Mara nyingi rilei inasema kweli: waya tatu hazina volti zinazokaribiana, na kapasita za kudumu zinahitaji kupimwa upya.

Kibati hicho kisomwe kabla ya kununua. Mota iliyoandikwa 240/415 au 230/400 inafaa, ikifungwa kwa delta. Iliyoandikwa 400/690 haifai, kwa sababu kwa volti 240 itakosa nguvu na kupata joto. Ukubwa nao una mpaka. Mashine ya kilowati 3 huvuta takriban amperi 20 kwenye fezi moja, na waya wa milimita 6 mraba wenye sakiti breka ya amperi 32 aina ya C huitosha. Ya kilowati 7.5 hukaribia amperi 45 ikiwa kazini. Mwenye mashine hiyo ni heri aombe Kenya Power imletee fezi tatu.

Sakiti breka iwe ya kukata waya zote mbili, moto na nyutro. Ongezeko la breka ya kuvuja umeme ya miliamperi 30 hulinda mtu, na miili ya mota zote pamoja na sanduku la vifaa iunganishwe kwenye waya wa ardhi. Nyutro isitumiwe kamwe badala ya ardhi.

Kapasita hubaki na umeme hata baada ya stima kuzimwa. Kila moja ifungiwe rezista ya kuimaliza, na kabla ya kuigusa ipimwe kwa mita. Zile za kuanzia hustahimili sekunde chache tu; zikiachwa kwenye mzunguko hupasuka.

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Mwenye nyumba ana haki ya kumwomba aonyeshe leseni hiyo kabla ya kumlipa. Mita na waya zinazoifikia ni mali ya Kenya Power, na fundi wa mtaani hana ruhusa ya kuzifungua.