Faili Haijapotea: Tuchague Wenyewe Programu ya Kuifungua

Katika vikundi vingi tunavyovitembelea siku hizi daftari la mhazini limehamia ndani ya kompyuta. Si vikundi vyote, na hatusemi kwamba daftari la karatasi litupwe. Lakini penye kompyuta ya mezani, hata iwe ya mtumba, majina ya wanachama, akiba na mikopo yao vimo humo. Kwa hiyo somo la leo, ingawa ni dogo, linagusa pesa za watu. Tutaona jinsi kompyuta inavyoamua kuifungua faili kwa programu fulani, na jinsi sisi tunavyoweza kuiamulia.

Tuanze na jambo lililotokea. Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa kimeweka hesabu zake kwa kompyuta zaidi ya mwaka mmoja. Siku ya mkutano wa kutoa mikopo, mhazini alifungua faili ya hesabu mbele ya wenzake kama kawaida. Badala ya safu za majina na shilingi, kioo kikajaa alama zisizosomeka: herufi P na K mwanzoni, halafu vijisanduku na alama za kuuliza, ukurasa mzima. Akafunga, akafungua tena. Yale yale. Akajaribu faili ya mwezi uliotangulia, nayo vile vile.

Mama mmoja aliyekuwa akingojea mkopo wa karo akauliza kwa sauti, "Mbona hesabu imeharibika leo, siku ya kutoa pesa?" Mhazini akajibu, "Mimi sijagusa pesa ya mtu, mama." Hakuna aliyekuwa ametaja wizi, lakini neno lilikuwa limeshaingia chumbani. Mkutano ukavunjika bila mkopo hata mmoja kutolewa. Kesho yake fundi mmoja akapigiwa simu, naye bila kuiona mashine akasema ni virusi, na dawa yake ni kufuta kila kitu na kuipanga kompyuta upya kwa shilingi 3,500. Wiki ile kikundi hakikuthubutu kugusa pesa za sanduku. Tunashukuru kwamba hawakuthubutu.

Sisi tulifika siku ya Alhamisi kwa kazi nyingine kabisa. Tulipoketi mbele ya ile kompyuta, matengenezo yalichukua kama dakika mbili. Faili zilikuwa nzima, hakuna hata shilingi moja iliyopungua. Kumbe kijana wa mwanachama mmoja alikuja kuandika barua ya kuomba kazi, akaingiza programu mpya kutoka kwa flashi yake. Baadaye alipobonyeza faili ya hesabu, kompyuta ikamwuliza ifungue faili za namna hii kwa programu gani, sasa na siku zote. Kijana kwa haraka akachagua Notepad, ile programu ndogo ya kuandikia maneno matupu. Tangu hapo kila faili ya hesabu ikawa inapelekwa Notepad, ambayo haijui kusoma hesabu.

Tukiri kosa letu hapa. Sisi ndio tuliowafundisha akina mama hao kutumia kompyuta, na hatukuwaambia neno lolote juu ya jambo hili.

Sasa tuelewe linavyokwenda. Kila faili ina jina, na jina lina mkia unaotanguliwa na nukta: akiba.xlsx, barua.docx, risiti.pdf, sherehe.jpg. Unapoibonyeza faili mara mbili, Windows haichunguzi kilicho ndani yake. Inatazama mkia, kisha inatazama orodha yake yenyewe: mkia huu ni wa programu gani? Programu iliyoandikwa kwenye orodha hiyo ndiyo vitabu vya kompyuta huiita chaguo-msingi. Ni kama karani wa mapokezi hospitalini anayetazama rangi ya kadi tu na kukuonyesha chumba. Rangi ikiandikwa vibaya, mwenye tumbo atajikuta kwa daktari wa meno. Mgonjwa ni yule yule, tumbo ni lile lile. Ni mlango tu uliokosewa.

Kwa hiyo kubadilisha programu ya kufungulia hakubadilishi faili hata kidogo. Unaweza kujaribu bila hofu. Vilevile kubadilisha mkia kwa mkono hakubadilishi faili, ukiiita akiba.xlsx kwa jina la akiba.pdf, hujapata PDF, umeidanganya kompyuta tu, nayo itakataa kufungua. Hatari iko mahali pamoja. Ukiona alama za ajabu, kisha ukabonyeza "Save", hapo programu isiyofaa itaiandika faili upya kwa namna yake, na hesabu zinaweza kuharibika kweli. Mkiona alama za ajabu, fungeni bila kuhifadhi. Mkiulizwa kama mnataka kuhifadhi, kataeni.

Kurekebisha ni hivi. Weka mshale juu ya faili, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Open with", halafu "Choose another app". Orodha ya programu itatokea. Chagua ile inayofaa. Katika Windows 11 malizia kwa kubonyeza "Always". Katika Windows 10 tia alama kwenye kisanduku kilichoandikwa "Always use this app", ndipo ubonyeze "OK". Usipofanya hilo la mwisho, faili itafunguka leo, na kesho mambo yatarudi yalivyokuwa. Anayetaka kuona orodha nzima aingie "Settings", kisha "Apps", kisha "Default apps". Katika Windows 11 pana mahali pa kuandika mkia wenyewe, kwa mfano .pdf, na kompyuta itakuonyesha programu inayoushika kwa sasa. Wenye Linux nao huanza kwa kitufe hicho hicho cha kulia na maneno hayo hayo ya "Open With".

Je, tuchague programu gani? Kwa barua na hesabu, kikundi kisicho na pesa za kulipia programu kila mwaka kinaweza kutumia LibreOffice, ambayo ni ya bure na ilianza mwaka wa 2010. Inafungua faili za .docx na .xlsx, mikia iliyoletwa na Microsoft Office 2007, na pia ina mikia yake, .odt na .ods. Tunawaonya juu ya programu za kujaribu zinazokuja ndani ya kompyuta. Muda ukiisha, nyingine hukuruhusu kusoma tu na si kuandika, na mhazini hudhani faili imefungwa na mtu. Haijafungwa. Ifungueni kwa programu nyingine.

Kwa PDF hakuna haja ya kusumbuka sana. Edge, ambayo huja pamoja na Windows, inazisoma vizuri. Taarifa ya M-Pesa inayotumwa kwa barua pepe ni PDF yenye neno la siri. Ikikuuliza neno hilo usifikiri kwamba umechagua programu mbaya.

Mkia wa .csv ndio unaotaka uangalifu zaidi, hasa kwa wanaotunza orodha za simu za wanachama. Faili ya .csv ni maneno matupu yaliyotenganishwa kwa alama ya mkato. Ukiifungua kwa Excel kwa kubonyeza mara mbili, kwa kawaida namba ya simu inayoanza na 07 huchukuliwa kuwa hesabu, na ile sifuri ya mwanzo huondolewa. Ukihifadhi hapo, sifuri zimekwenda kwa wanachama wote. LibreOffice huuliza kwanza, kabla ya kufungua: inaonyesha safu, nawe unaweza kuiambia kwamba safu ya simu ni maneno, si hesabu. Kwa sababu hiyo sisi tunashauri .csv ipewe LibreOffice hata pale ambapo Excel ipo.

Jambo jingine: kompyuta nyingi huficha mikia, ukaona "akiba" tu bila .xlsx. Ifichueni. Fungua folda yoyote, bonyeza "View". Katika Windows 11 endelea kwa "Show", kisha "File name extensions". Katika Windows 10 kisanduku chake kipo hapo hapo chini ya "View". Hili si la urembo. Wapo walaghai wanaotuma faili inayoitwa barua.pdf.exe. Mkia wa mwisho ukifichwa, unaona barua.pdf, unabonyeza, kumbe .exe ni programu yenyewe, nayo inaanza kufanya kazi ndani ya mashine yenu.

Turudi kwa yule kijana, maana kumfukuza ofisini si dawa. Watoto wetu wanahitaji kuandika barua za kazi. Katika Windows kila akaunti ya mtumiaji ina chaguo zake za programu. Mkifungua akaunti moja ya mhazini yenye neno lake la siri, na nyingine ya wageni, mgeni akichagua Notepad siku zote, itakuwa siku zote kwake tu. Pa kuanzia ni "Settings", kisha "Accounts". Akaunti ya wageni iwe ya kawaida, isiwe ya msimamizi, ili asiweze kuingiza programu yoyote anayotaka wala kufungua faili za mhazini. Kikundi kile kilifanya hivyo Alhamisi ile ile kabla hatujaondoka, na Jumamosi mkopo wa karo ukatolewa. Mhazini aliomba faili ifunguliwe na katibu, yeye akiwa ameketi nyuma na wengine.

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: mhazini na katibu waketi pamoja mbele ya kompyuta, wafichue mikia, waandike katika daftari la karatasi mikia yote inayotumiwa na kikundi na programu iliyochaguliwa kwa kila mmoja. Wakimaliza wanakili faili za hesabu kwenye flashi itakayowekwa mahali pengine, si kwenye droo ya meza ile ile. Halafu mjadiliane katika kikundi: ni nani anayeruhusiwa kuingiza programu mpya katika kompyuta yetu, na siku hesabu zikikataa kufunguka, tutamwita nani kabla ya kumwita fundi?