Jenne-jeno: Mji Mkubwa Usio na Jumba la Mfalme

Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma maandishi. Wako watu wanaosoma udongo. Huchimba mahali walipokaa watu wa kale na kutafuta vitu vilivyoachwa: vigae vya vyungu, mifupa, majivu, mbegu zilizoungua. Leo tusome habari za mji mmoja ambao wenyewe hawakuacha maandishi.

Mji huo ni Jenne-jeno, yaani Jenne ya kale. Uko nchini Mali, Afrika ya Magharibi, kilomita 3 hivi kutoka mji wa Jenne wa siku hizi. Kila mwaka mto Niger hufurika na kufunika bonde lile. Kaskazini yake liko jangwa la Sahara.

Zamani wataalamu wengi walisema kwamba miji ya huko ililetwa na biashara ya Waarabu waliovuka jangwa kwa ngamia. Eti wenyeji walikaa tu wakimngoja mgeni! Mwaka 1977 Wamarekani wawili, Roderick na Susan McIntosh, walikwenda kuchimba. Mwaka 1981 wakarudi tena.

Walichimba polepole, tabaka kwa tabaka, hata wakapita meta 5 kwenda chini. Kwa nini polepole? Nyumba ya udongo ikianguka, watu husawazisha kifusi na kujenga juu yake. Wajukuu nao hufanya hivyo hivyo. Basi kilicho chini ni cha zamani kuliko kilicho juu. Makaa ya mekoni hupimwa na wataalamu, umri wake ukajulikana.

Walikuta nini? Watu wa kwanza walifika hapo yapata mwaka 250 kabla ya Kristo. Tangu mwanzo walijua kufua chuma, maana mavi ya chuma yamo katika tabaka za chini kabisa. Walikula wali, samaki na nyama ya ng'ombe.

Sasa angalia jambo hili. Bonde lile lina chakula tele, lakini halina mawe wala udongo wa kuyeyushia chuma. Hata jiwe la kusagia lilitoka mbali! Mfua chuma alihitaji mchele, mkulima alihitaji jembe, na mvuvi alihitaji vyote viwili. Shaba ilitoka mamia ya kilomita, huko jangwani. Kimepatikana hata kipuli cha dhahabu, na dhahabu haichimbwi karibu na hapo. Kubadilishana huku ndiko kulikokusanya watu. Ilipofika mwaka 800 hivi baada ya Kristo, mji ulikuwa na ukubwa wa ekari 80, nao ulizungukwa na ukuta wa udongo wa kilomita 2. Wakati huo biashara ya Waarabu ya kuvuka jangwa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Kumbe wenyeji walikwisha kujenga mji wao!

Lakini nani alitawala? Hapa ndipo pana ajabu. Halikuonekana jumba la mfalme, wala kaburi la mtu mmoja lililojaa mali. Kilichoonekana ni vilima vingi vidogo kuzunguka mji, kila kimoja kilikuwa makazi. Kwingine mavi ya chuma ni mengi, kwingine vifaa vya kuvulia samaki. Akina McIntosh wanaona kwamba watu wa kila kazi walikaa kwao na kujiamulia mambo yao, huku wakitegemeana. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu, ingawa maneno ya barazani hayabaki udongoni.

Kufika mwaka 1400 hivi mji ulikuwa umehamwa. Baadaye ukaja uharibifu mwingine. Sanamu za udongo za sehemu hizo zilipendwa na matajiri wa Ulaya na Marekani, basi wezi wakachimba usiku na kuziuza. Mwizi huchukua sanamu na kuchanganya tabaka zote. Hapo hakuna atakayejua tena kipi kilitangulia. Mwaka 1993 Marekani ilipiga marufuku kuingiza nchini mwake sanamu hizo, lakini mashimo ya wezi hayazibiki.

Zungumzeni kikundini: Kama kijiji chenu kingefukuliwa baada ya miaka 1,000, mchimbaji angejuaje nani alikuwa fundi na nani mkulima? Na angejuaje kwamba mlikuwa na mwenyekiti?